Zana za sangara: Rahisi ni ghali

MWENYE mtaji mdogo anayetaka kuingiza fedha katika uvuvi wa sangara kwenye mialo ya Misungwi hukabiliwa na uamuzi mmoja kabla mtumbwi haujaingia majini: anunue nyavu, au migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoana nyingi. Wengi huangalia bei ya dukani tu. Hapo ndipo hasara huanzia.

Kwa nyavu, lebo husema mengi. Alama 210D/9 maana yake ni kwamba mita 9,000 za uzi mmoja zina uzito wa gramu 210, na nyuzi 9 za aina hiyo zimesokotwa pamoja. Namba ya mwisho ikipanda, wavu huwa mnene, hudumu zaidi na bei hupanda. Wavu mwembamba hauonekani kirahisi majini, hivyo hunasa vizuri, lakini sangara mkubwa huuchana.

Jicho hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo hadi fundo. Inchi 6 ni sawa na milimita 152. Mnunuzi apime macho kadhaa kwa rula kabla ya kulipa. Akumbuke pia kuwa wavu wa mita 100 ukifungwa kwenye kamba za maboya na vizito kwa uwiano wa nusu, hubaki mita 50 majini. Anayepanga mtaji kwa mita za lebo huishia nusu ya safari.

Migonzo huhitaji fedha kidogo mwanzoni, lakini hula chambo kila safari. Katika ndoana, namba ikipanda ndoana hupungua ukubwa, na ndoana ndogo huvuta samaki wachanga. Faida yake ni kwamba sangara wa ndoana mara nyingi hutolewa akiwa hai. Aliyekufa wavuni na kukaa muda mrefu huharibika, na mnunuzi wa kiwanda humshusha daraja au humkataa.

Kipimo cha mwisho ni sheria. Nyavu za uzi mmoja unaong'aa, ambao haukusokotwa, na makokoro ni marufuku. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018, nyavu haramu zilikamatwa na kuteketezwa kwa moto kandokando ya ziwa. Mtaji uliowekwa humo uligeuka majivu.

Kwa kuwa kanuni hurekebishwa mara kwa mara, wanunuzi wanashauriwa kumwona ofisa uvuvi wa wilaya kabla ya kwenda dukani, na kudai risiti inayotaja ukubwa wa jicho na unene wa uzi. Kisha bei igawanywe kwa miezi ambayo zana itafanya kazi. Wavu wa bei ya chini unaodumu miezi 3 ni ghali kuliko wa bei maradufu unaodumu mwaka.