WIMBO NI USHAHIDI WA MNYONGE

Wako wenye kudhani kwamba wimbo ni kitu cha kupumzishia mwili tu baada ya kazi, wala haustahili nafasi katika ukurasa huu. Sisi hatuafikiani nao. Leo tunawaletea ndugu wasomaji habari za santuri 6 zilizotolewa Marekani mwaka 1940, kwani zina funzo kwa kila mwanachama na kila mfanyakazi.

Mwimbaji wake alikuwa Woody Guthrie, aliyezaliwa Oklahoma mwaka 1912, na ambaye alipata kujitafutia riziki kwa kuchora mabango katika mji wa Pampa, Texas. Huko aliishuhudia dhoruba ya tarehe 14 Aprili 1935, siku ambayo vumbi liligeuza mchana kuwa usiku. Ardhi ilikuwa imelimwa pasipo hifadhi; ukame ulipokuja, upepo ukazoa udongo, na madeni yakamaliza yaliyosazwa na upepo. Wakulima maelfu kwa maelfu wakafunga virago, wakaelekea California kutafuta vibarua. Mwaka 1936 polisi wa Los Angeles waliwekwa hata mipakani mwa jimbo ili wawarudishe wasio na fedha.

Mambo hayo ndiyo aliyoyaimba Guthrie katika studio ya kampuni ya Victor, mjini Camden, New Jersey. Nyimbo 11 zilitolewa kwa jina la Dust Bowl Ballads. Hakuwa na kundi la wapiga muziki. Aliyachukua mahadhi ya zamani ambayo watu waliyajua, akawarudishia watu hao habari zao wenyewe, tena kwa mzaha pale ambapo wengine wangelia.

Lakini soko halina masikio. Kampuni ile ilipoombwa baadaye izitoe tena santuri hizo, ilikataa. Folkways, kampuni ndogo, ndiyo iliyozitoa upya mwaka 1950. Guthrie alifariki mwaka 1967. Katika orodha ya kwanza kabisa ya sauti za kuhifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, ile ya mwaka 2002, nyimbo zake hizo zimo. Kilichoonekana hakina faida kimekuwa hazina ya taifa.

Basi tuulizane kwa unyofu: katika mikutano yetu sisi, huimbwa nyimbo zipi? Za sifa zipo tele, nasi hatuzichukii. Ila Chama kinachosikia sifa peke yake hakiwezi kujua hali ya wanachama wake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwimbaji akisimama mbele yetu akaimba juu ya mshahara uliochelewa, au mavuno yaliyooza kwa kukosa barabara, asinyang'anywe kipaza sauti. Asikilizwe, na wimbo wake urekodiwe na kutunzwa, kwa maana huyo naye anakifanyia Chama kazi.