Hatari ya Moto Unaofifia: Jiko la Kuni katika Chumba cha Chini

Katika nyanda zetu za juu, kuanzia Lushoto hadi Mufindi, Njombe na Makete, miezi ya Juni hadi Agosti huleta baridi inayowakusanya watu kando ya moto. Baadhi ya nyumba za zamani katika maeneo hayo zilijengwa zikiwa na meko ya ukutani yenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Meko yaliyo wazi hupendeza macho, lakini sehemu kubwa ya joto lake hupotelea juu pamoja na moshi. Ndiyo maana wapo wenye nyumba wanaochomeka ndani yake jiko la chuma lenye mlango wa kioo, ambalo hutumia kuni chache na kutoa joto zaidi.

Jiko hilo likifungwa sawasawa, huwapunguzia moshi wakazi wa nyumba. Likifungwa vibaya, hasa katika chumba cha chini cha nyumba ya mteremkoni, ambacho nusu yake imezama ardhini, laweza kuleta sumu isiyoonekana wala kunuka: gesi ya kaboni monoksaidi. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba saa ya hatari zaidi huenda isiwe ile ambayo moto unawaka kwa nguvu, bali ile ambayo unafifia na watu wamekwisha kulala.

Kwa nini chumba cha chini?

Hewa yenye joto hupanda na kutoka kupitia darini na madirisha ya juu. Nafasi yake lazima ijazwe, na hewa ya kuijaza huingilia sehemu za chini za nyumba. Iwapo chumba cha chini kimefungwa madirisha na kuzibwa nyufa zote, njia iliyobaki ni dohani yenyewe. Moto ukiwaka vizuri, dohani huwa na joto na huvuta moshi kuelekea juu. Usiku wa manane, yanapobaki makaa mekundu tu, dohani hupoa, mvuto wake hudhoofika, na hewa yaweza kugeuka na kushuka chumbani. Makaa hayatoi moshi wa kumkohoza aliyelala, ila hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi.

Kufunga jiko na kuliwasha mara ya kwanza

Kabla ya kuchomeka jiko, dohani ikaguliwe na kusafishwa masizi na viota vya ndege. Bomba la chuma kisichoshika kutu lipitishwe ndani ya dohani kuanzia kwenye jiko hadi juu ya paa, kwa kuwa dohani ya zamani ni pana mno kwa jiko dogo na huenda ina nyufa. Chumba kiwe na tundu la kudumu la kuingiza hewa safi kutoka nje. Kengele ya betri inayotambua kaboni monoksaidi iwekwe chumbani humo na karibu na vyumba vya kulala. Kengele ya moshi haifanyi kazi hiyo.

Moto wa kwanza uwe mdogo, madirisha yakiwa wazi, maana rangi ya jiko jipya hutoa harufu kali inapoungua. Watoto, wajawazito na wenye pumu wasikae humo. Harufu hiyo ikiisha, isidhaniwe kuwa hewa imekuwa salama, kwa sababu gesi ya hatari haina harufu.

Kuni, ziwe za miwati au za mikaratusi, zipasuliwe na kukaushwa hadi unyevu wake uwe chini ya asilimia 20. Mbao na nguzo zilizotiwa dawa zisichomwe kamwe; baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Muhimu kuliko yote, njia ya moshi isifungwe ili kutunza joto maadamu makaa bado ni mekundu. Majivu yahifadhiwe nje ya nyumba, ndani ya ndoo ya chuma yenye kifuniko.

Kwa wahudumu wa afya

Kaboni monoksaidi hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mgonjwa huja akilalamikia kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, dalili zinazofanana na za mafua au malaria. Maswali matatu husaidia: Je, wengine nyumbani wanaumwa vivyo hivyo? Je, unapata nafuu ukitoka nje? Je, kuna moto karibu na unapolala?

Kipima oksijeni cha kidoleni kisiaminiwe hapa. Vipimo vya kawaida haviwezi kutofautisha hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu hii, hivyo huonyesha namba nzuri ilhali mgonjwa anakosa hewa. Ukishuku, mpe mara moja oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa yenye mfuko, bila kusubiri majibu ya maabara. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka damuni kwa takribani saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni safi, kwa takribani dakika 60 hadi 90. Mjamzito huhitaji oksijeni kwa muda mrefu zaidi, kwani sumu hukawia kutoka katika damu ya mtoto aliye tumboni.

Kanuni hizi zinahusu pia jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi. Hilo halina dohani kabisa, na mlango ukifungwa, gesi yake yote hubaki na waliolala. Lisilazwe ndani hata kama mkaa umeshika vizuri na hautoi moshi. Kwa sababu hiyo, kabla ya kumruhusu mgonjwa kurudi nyumbani, muulize atalala chumba gani, na waite kwa uchunguzi wote waliolala naye, hata wanaosema hawaumwi. Asirudi katika chumba kile kabla moto haujaondolewa au dohani haijakaguliwa.