Siku Moja Katika Msitu wa Kakamega

Wanafunzi waendao kutembea Buyangu, upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, huingia njiani alfajiri, maana ndege hawamngoji mvivu. Mwongoza njia huwaonyesha kwanza mbega, yule kima wa rangi nyeusi na nyeupe. Kidole gumba chake ni kibutu tu, lakini arukapo matawini hakuna amshindaye.

Mbele kidogo husimama penye mwiritsa, kama Waluhya wauitavyo mti huo. Gome lake ni dawa ya tezi dume, nalo hutafutwa hata Ulaya. Tangu mwaka 1995 biashara yake baina ya nchi na nchi husimamiwa kwa mkataba wa mataifa. Abanduaye kipande huuacha mti ukiwa na nafasi ya kupona. Abanduaye shina lote kuuzunguka ameuua. Hapo vijana hunyamaza, kwa kuwa wako walioona gome hilo likichemshwa nyumbani kwao, wala hawakuuliza lilitoka wapi.

Kutoka kilimani huonekana mashamba yaliyoufikia msitu ukingoni. Mvua ya alasiri ikianza, wote hushuka mbio.