Hisani ya Kilimanjaro isichafue maji ya mkulima

KILA mwaka Mlima Kilimanjaro hupokea vikundi vya watu wanaoupanda kuchangisha fedha za wagonjwa, yatima na shule. Tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita (GGM) umeandaa Kili Challenge kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti Ukimwi (TACAIDS). Machi 2009, wasanii na watangazaji tisa wa Uingereza walifika kileleni, mita 5,895, na kuchangisha zaidi ya pauni milioni 3 kwa mfuko wa Comic Relief.

Fedha hizo ni neema. Hata hivyo, msaada unaoacha taka na moto mlimani humwumiza mwingine bondeni.

Mpandaji mmoja kwa kawaida huhudumiwa na watu watatu hadi wanne, wakiwamo waongozaji, wapishi na wapagazi. Kwa hesabu hiyo, kundi la wapandaji 30 hufikisha watu 120 hadi 150 katika kambi moja. Wote wanakula, wanapika, wanaoga na kujisaidia mlimani kwa siku tano hadi saba.

Maji yanatoka msituni

Wengi hudhani maji ya Kilimanjaro hutokana na barafu. Utafiti umeonyesha kuwa mchango wa barafu ni mdogo, na kwamba maji mengi hutoka kwenye ukanda wa msitu, ambako mvua hunyesha zaidi na miti hunasa ukungu. Maji hayo ndiyo hujaza mifereji ya migomba na kahawa, mpunga wa tambarare za Moshi, bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani.

Njia zote za kupanda mlima hupita kwenye msitu huo. Sabuni na kinyesi karibu na kijito huteremka navyo hadi kwenye mfereji wa mkulima.

Moto ni hatari zaidi. Oktoba 2020 uliteketeza zaidi ya kilomita za mraba 90 za uoto. Taarifa za awali zilisema ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Misitu ya juu ikiungua, ukungu haunaswi tena, na chemchemi hupungua.

Mambo ya kuzingatia

Mwandaaji anapaswa kugawa kundi kubwa katika makundi madogo yanayoanza siku tofauti. Kupika kufanyike kwa gesi, kamwe si kwa kuni za msituni, na jiko lisiachwe bila mtu.

Vyoo vya kubeba vipelekwe pale ambapo vya kambi havitoshi. Kuoga na kufua kufanyike mbali na vijito. Taka zipimwe kabla ya safari na wakati wa kurudi. Wapagazi walipwe vizuri na mzigo usizidi kilo 20, kwani mtu aliyelemewa ndiye hutupa taka njiani.

Soko kwa wenyeji

Hapa ndipo mfanyabiashara mdogo anapoweza kunufaika. Chakula kilichofungwa kiwandani huja na makopo na karatasi za nailoni. Viazi, karoti, ndizi, mayai na parachichi kutoka Marangu au Machame hupanda mlima kwenye vikapu na ndoo zenye mifuniko, na vyombo hivyo hurudi kutumika tena. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, hivyo mshonaji wa mifuko ya nguo naye ana soko.

Wanaokodisha makoti, viatu na mifuko ya kulalia mjini Moshi nao hupunguza taka, kwani mgeni hanunui kitu cha kutumia mara moja na kukitupa.

Vikundi vya wakulima vinashauriwa kuungana na kuwafuata waandaaji mapema, vikiwa na bei, kiasi cha mazao na tarehe ya kuyafikisha getini. Mwandaaji atapata chakula kisicho na taka, na mkulima atapata fedha bila kupoteza maji ya mfereji wake.