Vipimo vya Kuazima

Wazazi wengi hulalamika kwamba vijana wao hushinda mbele ya kiwambo wakiendesha magari ya mashindano, na kwamba wakati huo unapotea bure. Sisi hatuafiki lawama hiyo kwa jumla. Lawama yetu ni nyingine: wengi wa vijana hao huchukua vipimo vya gari vilivyopangwa na mtu wasiyemjua, wakavitia kama vilivyo, kisha wakashangaa gari linapowatupa nje ya njia.

Na tuchukue mfano wa Monza, uwanja wa Italia uliofunguliwa mwaka 1922, ambao umo katika mchezo wa Assetto Corsa uliotolewa mwaka 2014. Mzunguko wake ni kilomita 5.793, na sehemu kubwa ni njia iliyonyooka. Mwaka 2003 Michael Schumacher alishinda hapo kwa mwendo wa wastani wa kilomita 247 kwa saa. Basi jambo la kwanza afanyalo mchezaji ni kulaza bawa la nyuma ili hewa isilizuie gari. Ni sawa. Lakini bawa hilo hilo ndilo linalolikandamiza gari chini. Mwisho wa njia kuu ipo kona pacha, kulia kisha kushoto, ambayo gari la Formula One huijia kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa na kuipita kwa mwendo usiofika 100. Breki ikikanyagwa, uzito huhamia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, na gari huzunguka kama pia.

Anayejua kazi hakimbilii kulisimamisha tena bawa. Husogeza nguvu ya breki mbele kidogo, akiangalia magurudumu ya mbele yasije yakajifunga. Hulegeza springi ili gari lipande kingo za kona bila kuruka. Hupima gia ya juu, injini isije ikafika ukomo wake kabla ya njia kwisha. Tena hubadili kitu kimoja tu kwa wakati, akaenda mizunguko mitano, akaandika daftarini. Akibadili vitatu kwa pamoja, hatajua kilichomfaa wala kilichomdhuru.

Mwenye kunakili hana daftari hilo. Huenda aliyepanga vipimo hukanyaga breki kwa upole, naye huikanyaga kwa kishindo. Au mwenzake alikuwa na petroli kidogo, naye amejaza tangi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Wala haya si mambo ya kitoto. Mwaka 2011 Jann Mardenborough, kijana wa Uingereza aliyeufahamu mchezo wa Gran Turismo, alishinda shindano la GT Academy; mwaka 2013 alikuwa katika timu iliyoshika nafasi ya tatu ya daraja la LMP2 huko Le Mans. Hatusemi kila kijana atafika huko, la hasha! Lakini uzito, hewa na msuguano ni elimu ile ile anayofundishwa darasani, na hapa anaijaribu kwa mkono wake.

Kwa hiyo mzazi asiishie kuuliza, "Umecheza saa ngapi?" Aulize pia, "Umebadili nini leo, na kwa nini?" Na wachezaji wanaogawiana vipimo waandike kando ya kila tarakimu sababu yake, jinsi wanavyokanyaga breki, na kiasi cha petroli kilichokuwa tangini.