Diwali: Kwa nini Wahindu humwekea Lakshmi mchele na daftari la hesabu

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, fataki hulia katika mitaa ya Upanga na Kisutu jijini Dar es Salaam, na wapita njia huambiana kuwa Wahindi wana sikukuu yao.

Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Watanzania wengi wenye asili ya India si Wahindu: Waismailia, Mabohora na Ithnaasheri ni Waislamu, na Wagoa wengi ni Wakatoliki. Diwali huadhimishwa na Wahindu, na pia Wajaini na Kalasinga kwa sababu zao wenyewe. Wala fataki si kiini cha usiku huo. Kwa wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat, ambao ndio wengi miongoni mwa Wahindu wa Afrika Mashariki, kiini chake ni kumpokea Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali.

Picha yake hutundikwa katika maduka mengi. Amevaa nguo nyekundu, amekaa juu ya ua la majini linalofanana na yungiyungi, na sarafu za dhahabu humiminika kutoka kiganjani mwake. Mikono yake minne huelezwa kuwa ni malengo manne ya maisha: wajibu, mali, matamanio halali na ukombozi wa roho. Mali, basi, ni moja tu kati ya manne. Ua nalo huota kwenye tope bila kuchafuka, somo ambalo mkulima wa mpunga wa bonde la Kilombero, anayeshinda kwenye matope msimu mzima, hahitaji kufafanuliwa. Tembo wanaommwagia maji katika baadhi ya picha huashiria mvua na rutuba.

Wahindu humwita pia asiyetulia. Huingia panapong'aa, na huondoka penye uchafu na ugomvi. Ndiyo maana nyumba husafishwa siku nyingi kabla, taa za udongo zenye mafuta au samli huwashwa, na nyayo ndogo huchorwa kwa unga wa mchele kuanzia kizingitini kuelekea ndani. Nyayo hizo hazichorwi zikitoka nje.

Kisha huja zamu ya daftari. Jioni ya Diwali mfanyabiashara hufunga hesabu za mwaka, hufungua daftari jipya na kuliweka mbele ya Lakshmi, Ganesha na Saraswati, yaani mali, mwanzo mwema na elimu. Ukurasa wa kwanza huandikwa kwa rangi nyekundu maneno yenye maana ya heri na faida, heri hutangulia. Huchorwa pia msalaba wenye ncha zilizopinda, alama ya baraka iliyotumika kwa karne nyingi kabla Wanazi wa Ujerumani hawajaichukua. Siku hizi wengine huweka kompyuta mahali pa daftari, na ibada ni ileile.

Juu ya daftari hunyunyizwa punje za mchele zilizopakwa manjano au rangi nyekundu. Sharti lake ni moja: punje iwe nzima. Katika mashine za kukoboa za Ifakara chenga hutengwa kwa sababu ya bei. Katika ibada hutengwa kwa sababu punje iliyovunjika haiwezi kubeba dua ya ukamilifu. Peremende na vitamutamu hutolewa pia, na baada ya ibada hugawanywa kwa waliopo na kwa majirani.

Ibada hii haihitaji hekalu. Kona ya duka inatosha. Jambo hilo lilikuwa na uzito katika miji midogo ya bara. Huko Kilombero, tangu enzi za ukoloni, wafanyabiashara wa Kihindi walinunua mpunga wa wakulima na kuwauzia nguo na chumvi, uhusiano ambao mara nyingi uliambatana na mikopo, na wakulima hawakuufurahia daima. Azimio la Arusha la mwaka 1967, na sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia Sh100,000, viliwafanya wengi wenye asili ya Asia nchini kuhamia Uingereza na Canada. 

Siku inayofuata Diwali ni mwaka mpya wa Kigujarati. Mwaka wa 2082 wa kalenda hiyo ulianza Oktoba 2025. Watu huvaa nguo mpya, hutembeleana na kusalimiana "Sal Mubarak". Jirani Mswahili hahitaji mkalimani wa neno hilo la pili: ni lilelile la Kiarabu linalosikika katika "Idd Mubarak".