Kijineno Kidogo cha Kiingereza

Nchini Uganda askari polisi pengine humsikiliza shahidi kwa Kiswahili, kisha huyaandika maelezo yake kwa Kiingereza. Hapo ndipo kijineno kidogo huweza kuleta balaa. Akiandika "he shot the man", amesema kwamba risasi ilimpata yule mtu. Akiandika "he shot at the man", amesema tu kwamba alimfyatulia. Huenda hata hakumgusa. Herufi mbili hizo zaweza kumfikisha mtu pabaya mahakamani, kwani hakimu husoma kilichoandikwa.

Taabu yetu yatokana na desturi ya Kiswahili kuitia maana kama hiyo ndani ya kitenzi chenyewe: andika, andikia, kimbia, kimbilia. Mwingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo, akaweka kihusishi nyuma yake. Tena vihusishi hivyo havina huruma! "Look at" ni kutazama, "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza. Bwana aliye kambini akimwandikia jirani "please look for my children", jirani atadhani watoto wamepotea.

Wanajeshi wamekwisha kujifunza jambo hili bila kitabu katika uwanja wa gwaride: "fall in" ni kujipanga, "fall out" ni kutoka mstarini, wala hakuna aangukaye. Basi mama amfundishapo mtoto nyumbani, asimpe "look" peke yake. Ampe "look after the baby" nzima nzima, kama amri ya gwaride.